Ngitili Iliyoungua

Mjomba wangu alikuwa na tabia ya kuisalimia pikipiki yake. Kila alipofika mahali ambapo njia inaingia kwenye majani, alizima injini, akashuka, akainama na kuusogeza mgongo wa kiganja chake karibu na bomba la moshi. "Haya, mama, umeamkaje?" Kisha alitoa kijiti cha mgunga kutoka mfuko wa shati, akachokoa majani makavu yaliyonasa kati ya bomba na injini, moja moja, kama mtu anayechokoa meno baada ya kula nyama. Mwisho alitandaza juu ya bomba kipande cha gunia kilicholoweshwa maji. Kikafuka mvuke, naye akangoja mpaka mvuke uishe. Hapo ndipo alipoiwasha tena.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili nilipomwuliza kwa nini anafanya hivyo. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo kikuu, ng'ambo ya ziwa, na nilikuwa nikiuliza kila mtu kila kitu. Nilimwuliza padri kama amewahi kushuhudia muujiza. Nilimwuliza mama yangu kwa nini hapiti nyuma ya nyumba ya jirani jua likizama. Hakuna aliyefurahia maswali yangu, na mimi nilichukulia kutofurahi kwao kuwa ushahidi kwamba nimegusa kweli.

"Lazima uiulize hali," alinijibu mjomba. "Usipoiulizia hali, itakukasirikia."

"Chuma kinakasirika, mjomba?"

"Chuma kinakasirika kuliko shangazi yako."

Nikacheka, na moyoni nikaiweka ile salamu pamoja na hirizi na ndoto za bibi.

Mjomba alikuwa amepita miaka hamsini, kichwa chake cheupe kama pamba iliyokwisha kuchambuliwa. Alijifunza pikipiki vitani, alipokuwa akipeleka barua za jeshi kule kaskazini, kwenye mchanga wa mpaka wa Wasomali. Wenzake waliporudi walisimulia bunduki na meli. Yeye alisimulia mchanga tu: jinsi unavyopaswa kuukalia kwa ulegevu, kuiacha pikipiki itikise kiuno inavyotaka, na kutoshika breki ya mbele hata kama umemwona Shetani. Baadaye alifanya kazi ya udereva kwenye mgodi mmoja wa dhahabu wa Wazungu upande wa Geita, na alipoacha kazi alirudi Shinyanga na pikipiki kuukuu ya jeshi, rangi ya kijani imebanduka tangini.

Huku kwetu miti ilikuwa imefyekwa kwa amri, ili mbung'o wakose kivuli na ng'ombe wasiugue. Palibaki uwanda wa visiki na vumbi usioisha, na kiangazi mbuga nyeusi ilipasuka nyufa za kumeza mguu. "Jangwa la kule aliliweka Mungu," alisema mjomba. "Hili letu tumelitengeneza kwa shoka." Kisha alilipenda hivyohivyo. Kila Jumapili alikwenda kukimbiza pikipiki kwenye uwanda huo na rafiki yake mmoja, Mhindi wa makamo yake mwenye duka mjini, ambaye sote tulimwita Bhai. Bhai alikuwa na pikipiki yake, tumbo lake, na Kisukuma kilichonyooka kuliko changu.

"Leo nitakula vumbi lako mpaka lini?" Bhai alikuwa akimfokea.

"Mpaka upunguze chapati!"

"Mimi mzito, sawa. Lakini mzito haanguki. Wewe juzi umeokotwa kwenye kisiki kama kuni."

Wazee wawili, kwenye jua la saa saba, wakifuatana kwa kelele na wingu la vumbi, hawaendi popote na hawajatumwa na mtu. Watu walisimamisha majembe kuwatazama. Mama yangu, ambaye ni dada yake mdogo, alikuwa akisema, "Kaka, watu wa umri wako wanahesabu wajukuu." Naye alijibu kwamba wajukuu hawana gia. Nilikuwa nikimwonea aibu wakati huo. Mzee mzima na mchezo. Nilimwambia Bhai kwamba mjomba ameletewa ugonjwa na vita, akanitazama, akasema, "Na wewe umeletewa na nani?"

Kiangazi hicho niliomba kuazima pikipiki. Kulikuwa na mkutano mjini wa wakulima wa pamba, na mimi nilitaka kusimama mbele yao kuuliza maswali. Mjomba alikwisha nifundisha kuiendesha. Alinipa na maagizo mawili: nipite njia kubwa ya ng'ombe inayozunguka, na nisisahau kuiulizia hali. Alinitilia kijiti chake mfukoni mwa suruali kwa mkono wake mwenyewe.

Njia kubwa ya ng'ombe ilizunguka kwa sababu ya ngitili. Kwa asiyeijua, ngitili ni malisho yanayofungwa mvua zikiisha. Hakuna ng'ombe anayeingia wala mtu anayekata jani, mpaka katikati ya kiangazi, kila mahali pakiwa vumbi, ndipo mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu, anakaa na wazee na kutaja siku ya kuifungua. Majani yale ndiyo yanayoivusha mifugo mpaka mvua. Haina ukuta wala mlinzi. Inalindwa na neno tu, na neno hilo linatosha hata kwa watoto wanaochunga.

Nilichelewa kuamka. Nilipofika kwenye kona nilitazama njia inayozunguka, nikatazama majani ya manjano yaliyofika kiunoni, na kijia chembamba kilichokatiza katikati, alikopita mwanangwa siku za kukagua. Nikajiambia kwamba tairi mbili hazili majani. Ilikuwa hoja nzuri. Niliingia.

Katikati ya ngitili injini ilikohoa na kuzimika. Nilishuka, nikailaza pikipiki ubavu kwenye majani nje ya kijia ili nione kabureta vizuri, nikaanza kuchokonoa nisichokijua. Kijiti kilikuwa mfukoni. Nakumbuka kwamba nilikigusa, nikitafuta leso.

Nilisikia kwanza. Sauti ndogo kama ya mtu anayekunja karatasi. Kisha nikaona uzi wa moshi ukitoka chini ya bomba, na kabla sijanyoosha mgongo majani yalikuwa yanawaka upana wa mkeka. Nilivua koti, koti langu la chuoni, nikaupiga moto nalo. Koti likashika moto kwenye mkono. Nilikanyaga, nikapiga, kisha nikaiburuta pikipiki mpaka kijiani, nikaisukuma mbio, ikawaka. Ndiyo, ikawaka wakati huo, mara moja, bila shida.

Nyuma yangu nikasikia mwano. Ni ukelele ambao mtu mmoja anaupiga na wa pili anaupokea, unaruka mlima hata mlima, na anayeusikia anatupa alichoshika na kukimbilia unakotoka. Mgonjwa huachwa kitandani. Aliye na ugomvi na mwenye kupiga mwano naye hukimbia. Kutotokea kwenye mwano kwetu ni kosa ambalo watu hawalisahau. Niliusikia ukipokewa kushoto, ukipokewa kulia, nikaona watu wadogo kwa mbali wakimiminika kutoka kwenye vibanda vyao na matawi mikononi. Wote walikuwa wakikimbilia nilikotoka. Mimi nilikuwa nakimbia kinyume chao, kwa pikipiki.

Sikwenda mkutanoni. Nilikwenda dukani kwa Bhai, nikanywa maji vikombe viwili, nikamwambia nimeanguka. Aliniangalia nyusi zilizobabuka, akanusa hewa, hakuuliza. Koti niliacha kwenye benchi lake.

Jioni nilirudi kwa njia ndefu. Upande wote wa magharibi ulikuwa mweusi. Mjomba alikuwa amekaa uani, mikono yake imepakwa samli. Nikamwambia, "Shikamoo, mjomba." Akaitikia marahaba kama kawaida. Kisha akainuka, akaenda kwenye pikipiki, akachuchumaa. Aliomba kijiti chake nikampa. Mbele ya macho yangu akaanza kuchokoa majani kwenye bomba, moja moja. Yalikuwa meusi, yakavunjika yakiguswa. Aliyakusanya kwenye kiganja, akayatazama, akayafukia kwa kidole cha mguu. Mimi nilijiambia kwamba pengine hakuelewa.

Kesho yake mwanangwa aliita watu. Nilikaa nyuma, karibu na vijana. Mwanangwa alikuwa mtu mfupi, mpole, anayesema akitazama chini.

"Ngitili yetu imeliwa na moto," alisema. "Kwenye kijia kuna mstari wa tairi. Pikipiki kijijini ni moja."

Mjomba akasimama. "Pikipiki ni yangu," alisema. "Kwa hiyo moto ni wangu."

Niliona mabega ya watu mbele yangu. Hakuna aliyegeuka. Nilingoja mtu aulize swali lolote, na mimi mwenyewe, muulizaji wa kila kitu, nilikaa nimeshika magoti, nikiomba lisiulizwe. Nilijiambia kwamba yeye ni mzee na mimi nina masomo. Kwamba nikitajwa nitanyimwa ile kazi ya serikali niliyoahidiwa. Kwamba nitamlipa baadaye kwa namna kubwa zaidi. Nilikuwa na hoja nyingi, zote zimepangika.

Hukumu ilikuwa fahali mmoja achinjwe kwa ajili ya wale waliozima moto, na pikipiki isikanyage tena ardhi ya kijiji. Mjomba alikubali. Jioni hiyohiyo alifungua magurudumu yake mwenyewe, akayatundika darini, na kuifunika iliyobaki kwa turubai. Nilimshikia taa. Aliniambia niisogeze karibu, haoni nati.

Kwa kuwa majani yalikwisha, mifugo ililazimika kuondoka. Mjomba, pamoja na wanaume wengine, aliwaswaga ng'ombe wa kijiji kuelekea upande wa Geita, kwenye misitu ambako majani yapo na mbung'o pia wapo. Walikuwemo ng'ombe wawili wa mama yangu, waliobaki kutoka kwenye mahari yake. Nilikwisha panda treni kurudi chuoni siku walipoondoka. Mwaka ule niliandika insha ndefu kuhusu wajibu wa mtu kwa jamii yake, na mwalimu aliisoma mbele ya darasa. Nilitazama dirishani wakati wote akiisoma.

Nilirudi kiangazi kilichofuata. Mama alinipokea kwa furaha, akanipikia, akaniuliza masomo. Ilinichukua siku mbili kugundua kwamba sijasikia ng'ombe uani. "Walirudi na ugonjwa wa mbung'o," alisema. "Mmoja alifika mpaka hapo mlangoni." Alisema hivyo akipepeta mtama, hakusimama kupepeta.

Mjomba alikuwa akitembea kwa fimbo. Kule Geita wachimbaji wa zamani wameacha mashimo wazi walikotafuta dhahabu, na vichaka vimeyafunika. Ndama alitumbukia, mjomba akamfuata chini, ukuta wa shimo ukamwangukia gotini. Goti la kulia lilikuwa limevimba na kukaa hivyo, halikunji wala kunyooka sawasawa.

"Ndama alipona," aliniambia, kama kwamba hilo ndilo nililotaka kujua.

Nilikwenda mjini kwa Bhai, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kwenda. Duka lilikuwa na wateja. Aliponiona aliacha kupima kitambaa, akaingia ndani, akarudi na kifurushi kilichofungwa kwa gazeti na uzi, akakiweka kaunta mbele yangu.

"Koti lako."

Nilikifungua ncha. Harufu ya moshi ilikuwa bado imo.

"Mwaka mzima sipandi pikipiki," Bhai alisema. "Peke yangu siwezi. Niende pale uwandani, nizunguke, nani ananitukana? Nani anasema chapati?" Akarudi kwenye kitambaa chake. "Chukua. Duka langu haliweki vitu vya watu."

Nilitembea kurudi na kifurushi kwapani, mwendo wa nusu siku. Ningependa kusema kwamba nilikuwa nimeamua. Kwa kweli nilibadilisha nia kila kisiki. Nilipofika kwa mwanangwa nilimkuta anasuka kamba, peke yake. Nikamwamkia, nikaweka koti chini, nikalikunjua mkono ulioungua, nikasema, "Baba, ni mimi niliyechoma ngitili. Mjomba hakuwepo."

Alilitazama koti, akaendelea kusuka.

"Najua hakuwepo," alisema. "Alikuwa kwenye shamba langu tunasaidiana kuvuna mihogo mwano ulipopigwa. Tulikimbia pamoja. Aliungua mikono mbele yangu."



"Na kwenye kijia palikuwa na alama za viatu," aliendelea. "Vya ngozi, vyenye misumari saba kisiginoni, mmoja umetoka. Kijiji hiki watu wanatafuta ng'ombe aliyepotea kwa alama ya kwato moja kwenye nyasi, mwanangu. Ulidhani hatutaona viatu vyako? Watoto wanaochunga ndio walionionyesha."

"Kwa hiyo wote mlijua."

"Mpaka bibi yako asiyeona."

"Mbona hamkusema?"

"Mjomba wako alisimama. Mjomba akisimama kwa ajili ya mpwa wake, unamwambia kaa chini? Alisema pikipiki ni yake, na ni yake. Hakusema uongo, hata neno moja." Aliivuta kamba kuipima nguvu. "Tukangoja wewe useme. Ulikaa nasi wiki nzima, ukaondoka. Wewe unauliza mambo ya Mungu, mambo ya nyota. Hukuuliza mjomba wako alikuwa wapi mwano ulipolia?"

Hapana. Katika mwaka mzima wa kufikiri sikuwahi kuliuliza hilo, na lilikuwa swali jepesi kuliko yote. Nilikumbuka ile samli mikononi mwake. Nilikumbuka mabega ya watu mkutanoni, yasiyogeuka. Nilikuwa nimeyaona kama mabega ya watu wasiojua. Walikuwa wananistahi, na kumbe ndivyo walivyonisalimia tangu niliposhuka treni, mmoja mmoja, kwa adabu yote.

Mwanangwa aliwaita watu tena. Safari hii nilisimama mbele, nikasema kwa sauti. Hakuna aliyeshangaa, na hilo lilikuwa gumu kubeba kuliko matusi. Niliagizwa kulima kinga ya moto kuizunguka ngitili mpya, hatua kumi upana, kwa jembe la mkono, bila msaidizi. Mjomba aliruhusiwa pikipiki yake.

Nililima siku kumi na saba. Nilikuwa sijui kulima. Nilikuwa nimeondolewa shambani mapema ili nisome. Wanawake waliopita na maji walisimama kunitazama.

"Tazama, anaandika barua ardhini!"

"Mwacheni, msomi. Anauliza jembe kwa nini."

Niliwaitikia kwa kicheko, kwa sababu ukichekwa huku umenyamaza inakuwa mbaya zaidi. Usiku mama alinipaka samli kwenye malengelenge. Hakutaja ng'ombe wake. Ningefurahi kama angewataja.

Siku niliyomaliza, mjomba alikuja na pikipiki, akiisukuma taratibu, fimbo imefungwa kwenye kiti. Bhai alikuwa amefika na yake tangu asubuhi. Kinga yangu ya moto ilikuwa mbele yao, mstari wa udongo mtupu unaopinda mpaka usionekane. Mjomba aliinama kwa shida, mguu wa kulia ameutupa pembeni, akausogeza mkono kwenye bomba. Akatoa kijiti, akachokoa. Hapakuwa na jani hata moja, ilikuwa haijakwenda popote mwaka mzima. Alichokoa tu.

Kisha akapanda, akaweka mguu wa kulia kwenye pedeli ya kuwashia, na goti likakataa. Alijaribu tena. Alijaribu kwa mguu wa kushoto, akisimama vibaya, pikipiki nusura imwangukie. Bhai alitazama upande mwingine, akajifanya anafuta taa yake.

"Njoo," mjomba aliniambia.

Nilikwenda, nikaipiga pedeli teke, mara ya kwanza, ya pili, ikawaka. Hakunishukuru wala hakunikasirikia. Aliniuliza kama mikono inaniuma bado.

Waliondoka wote wawili kwa kelele, na kwa dakika chache alikuwa yuleyule, mgongo umelegea, kiuno kinaifuata pikipiki, Bhai nyuma yake akimtukana ndani ya vumbi. Mwisho wa kinga, mahali ambapo zamani wangekata kuelekea uwandani na kupotea mpaka jioni, Bhai aliendelea mbele. Mjomba alipunguza mwendo, akageuka kutazama nilipo. Alikuwa akipima umbali. Ikimzimikia kule, nani angempigia teke? Bhai mwenyewe alikuwa haiwezi pikipiki ile, alikuwa na tumbo na pumzi fupi.

Akageuza, akarudi.

Tangu hapo nimemwona akiiendesha mara nyingi nikiwa likizo. Huenda na kurudi kwenye kinga yangu, hatoki mahali ambapo mtu mwenye miguu mizima anaweza kumsikia akiita. Bhai huja Jumapili, naye huzunguka hapohapo. Nikiwa nyumbani mimi ndiye ninayeipiga teke, na nikisha kuiwasha hukaa kwenye kisiki na kusubiri, kwa sababu ikizima ataniita, na sitaki aite mara mbili.